Bi Time Alivyoutunza Wimbo Wake Mwenyewe

Wapo watu London hii, na majina yao ninayo, wanaosema Bi Time alituaibisha Wazanzibari mbele ya Wazungu siku ile ya maweni. Mie nilikuwapo. Nilikuwa nyuma yake mwanzo hadi mwisho, goti langu likachubuka na baibui langu likapasuka. Kwa hiyo mwenye la kusema aje aniambie mie, Miska, usoni. Nakaa pale pale Thamesmead, sijahama.

Bi Time alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Mzaliwa wa Wete, Pemba. Akaolewa Unguja, akaachwa Unguja, akaja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya themanini kumfuata kaka yake. Kaka akafariki, yeye akabaki. Kazi yake ilikuwa mpishi wa skuli ya msingi hapo hapo mtaani kwetu. Asubuhi anavaa kofia ya nailoni na aproni, anawapondea watoto viazi na kuwachemshia njegere za kijani zisizo na chumvi. Jioni akirudi anavua yale mavazi, ananawa uso, anaanza kupika chakula cha watu.

Na watu wenyewe tulikuwa sisi. Mie nilikuwa nikitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu leo asubuhi, kesho jioni, na mume wangu yuko Dubai huko hana habari. Wanangu wamekula kwa Bi Time kuliko walivyokula kwangu. Si wangu tu. Wasomali wa juu, Wanigeria wa kando, yule mtoto wa Kivietinamu wa chini aliyekuwa akipenda ukoko, nani hakuugonga mlango ule? Yeye anawasemesha Kiswahili, wao wanamjibu Kiingereza, na sahani zinarudi zimelambwa. Alikuwa na sufuria moja kubwa mno, ya kupikia shughuli, aliyoibeba kutoka kwao juu ya mapaja yake ndani ya ndege. Haikuwahi kulala na chakula.

Huyo ndiye mwanamke aliyeimbiwa kuwa ni chungu kitupu.

Hebu niseme vizuri, maana vijana hawajui. Mume wa Bi Time alikuwa akiitwa Harith. Walikaa miaka saba, hawakupata mtoto, Harith akaandika talaka. Haya, yanatokea. Lakini aliyemwoa baada yake ni nani? Ghalia! Ghalia shoga yake, walikula naye pamoja, walisimama naye ubavu kwa ubavu kwenye kikundi kile kile cha taarab ya wanawake, Ghalia akiimba mbele na Time akiitikia nyuma. Kumchukua mume kulikuwa hakujamtosha. Ikapita miezi michache, Ghalia akapanda jukwaani na wimbo mpya, hata eda ya mwenzake haijasahaulika:

Changu kimeshainjikwa, chatokota kwa furaha,
Chako ni cha kufunikwa, kitupu hakina siha,
Kuni bure zimewekwa, kimekupa tu karaha.
Chungu kitupu, funika!

Jina la mtu halikutajwa, na mji mzima ulijua. Wimbo ukaitwa “Funika”, ukapendwa, ukaingia kwenye kaseti. Kaseti hazihitaji viza. Bi Time alipofika London, “Funika” ilikuwa imeshafika na imeshapata makazi. Ghalia mwenyewe tukasikia amekwenda na Harith Maskati, wana watoto, wanasoma, mambo mazuri.

Nimeona kwa macho yangu. Harusi ya Kilburn, harusi ya Thornton Heath, ukumbi wowote ule, ikifika zamu ya “Funika” wanawake wanapiga vigelegele, halafu wanageuza shingo kidogo kidogo kutazama Bi Time amekaa wapi. Na Bi Time huwa hayupo. Ameshasikia kinanda cha mwanzo, ameshanyanyuka, ameingia jikoni kwa watu anawaoshea masufuria. Siku moja nilimfuata. Bomba liko wazi, maji yanamwagika, na yeye ameshika ukingo wa sinki analia. Niliumia mpaka nikataka kurudi ukumbini niivunje ile redio. Akanishika mkono. “Wacha, Miska. Waache wacheze.”

Basi, mwaka wa elfu mbili na moja, wakati wa joto, ikaja habari: Ghalia anakuja kuimba Uingereza. Na si ukumbini. Kuna mahali upande wa Kent, mwendo wa basi kutoka kwetu, pana mawe makubwa ya mchanga yaliyosimama wenyewe porini, marefu kama ghorofa zetu za Thamesmead, na katikati yake Wazungu wametengeneza jukwaa la muziki. Jina lake refu, sikuwahi kulikamata. Sisi tulipaita Maweni. Abdulwakil, katibu wa jumuiya yetu, mtu mwema lakini mwoga wa kila kitu chenye sare, akakodi basi zima.

Kisha akaja kwa Bi Time. Nilikuwapo, nachagua mchele.

“Bi Time,” akasema, hata chai hajaigusa, “mie nakuja kwa kheri tu. Siku ile bora upumzike nyumbani. Ule wimbo hautakosa kuimbwa. Na watu wetu unawajua.”

“Nawajua. Ndiyo maana nakuja.”

“Unakuja kufanya nini?”

“Kutunza,” akasema Bi Time.

Abdulwakil akaniangalia mie, mie nikaangalia mchele. Kwenye taarab yetu mtu hakai kwenye kiti kama yuko hospitali. Ubeti ukimgusa, ananyanyuka, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza mwimbaji kwa noti, kwa ua, kwa alichonacho, na kwa kunyanyuka kule ameshasema kuwa maneno yale ni yake na anampelekea fulani. Anayepelekewa huinamisha uso, au hutoka nje. Sasa alengwe mtu kwa wimbo, kisha anyanyuke mwenyewe akautunze? Auchukue uwe wake, mbele ya aliyemtungia? Hilo mie sikuwahi kuliona, na Abdulwakil pia hakuwahi.

“Bi Time, kule si kwetu,” akasema. “Kuna walinzi, kuna uzio. Tutaonekana watu gani?”

“Miaka ishirini na kitu naosha masufuria ya watu kwa ajili ya wimbo ule, Abdulwakil. Nikiukosa mara hii, nitafia jikoni. Niandikie kiti cha mbele kwenye basi, tumbo langu halipendi nyuma.”

Alfajiri ya siku yenyewe nyumba nzima inanukia bizari nzima na mdalasini. Alipika pilau ya basi zima, sufuria ikabebwa na wanaume wanne, ikakaa kwenye korido ya basi, kila anayepita anairuka. Wengine walikuwa wakinong’ona. Kuna mmoja wa Kilburn, simtaji, alikuwa akiimba chini chini “funika, funika” na kucheka na mwenzake. Bi Time akamgeukia. “Paza sauti, mwanangu, mbona unaona haya?” Yule akanyamaza mpaka tukafika.

Langoni tukakwama. Mlinzi akasema chakula cha kutoka nje hakiingii, ndani kuna vibanda vya kuuza chakula. Abdulwakil tayari anaomba radhi, hata hajaulizwa. Bi Time akaniambia nimtafsirie yule mlinzi kwamba pilau haiwezi kurudi Thamesmead, kwa hiyo watu watakula hapo hapo kwenye maegesho, na yeye mlinzi kama ana njaa asogee. Basi tukala kwenye majani, katikati ya magari ya watu. Wazungu wanapita na mabulangeti yao na vikapu vya mvinyo, wananusa. Dereva wa basi akala sahani mbili, mlinzi akaja na ya karatasi yake. Hata yule wa Kilburn alikula, tena nyama alichagua. Kilichobaki ni ukoko, na ukoko nao ukagombaniwa. Nilimwona Bi Time akichungulia ndani ya sufuria, akatabasamu peke yake, akauchukua mfuniko, akaufuta kwa kanga mpaka ukang’ara, akautia kwapani ndani ya baibui lake.

“Wa nini huo?” nikamuuliza.

“Tunzo,” akasema.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani anatania.

Kabla ya muziki tulitembea kuyaona mawe. Nisiseme uongo, pale mahali pazuri. Miti imeota juu ya mawe na mizizi yake inateremka imelishika jiwe kote. Kuna nyufa kubwa za kupita mtu, unaingia huku unatokea kule, ndani baridi kama friji hata siku ya jua. Watoto wanaita majina yao na jiwe linawajibu. Ufa mmoja tuliuingia tukasikia sauti za watu wanafanyia mazoezi udi na fidla. Ulikuwa unatokea nyuma kabisa ya jukwaa, wanamuziki wanakunywa chai. Tukarudi tulikotoka kwa adabu zetu. Bi Time aligeuka akautazama tena ule ufa, na mie nikamwona akiutazama.

Ghalia alipotoka, kwa kweli moyo wangu ulishtuka. Mwanamke mzuri bado, gauni la kijani, na sauti ile! Aliimba wimbo wa kwanza, mawe yakaichukua sauti yake na kuirudisha, Wazungu wakakaa kimya kama wako kanisani. Mwenzetu mmoja akanyanyuka na noti yake akamtunze, kama ilivyo ada. Mlinzi akamzuia kwenye uzio, akaitazama ile noti, akamwelekeza kwa heshima kibanda cha vinywaji kiko wapi. Wallahi. Yule mama akarudi na noti yake haelewi amekosa nini.

“Umeona?” Abdulwakil akasema. “Hawaruhusu. Basi, yameisha, tumshukuru Mungu.”

Kinanda cha “Funika” kikaanza. Kama kawaida yao, shingo zikageuka. Na safari hii Bi Time yupo. Amekaa wima, mikono juu ya magoti, anatazamwa na basi zima. Nikasema ataondoka, naye akanyanyuka. Akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Mlinzi akatandaza mikono: hakuna anayepanda jukwaani. Nikamweleza kwamba ni mila, ni heshima kwa mwimbaji. Akasema yeye anaambiwa usalama, si mila. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Nikageuka niangalie nani, na nilipogeukia mbele tena Bi Time hayupo. Anakwenda mbio mbio upande wa mawe, baibui linapepea.

Nikamkimbilia. “Bi Time! Una miaka sitini!”

“Basi nisukume!”

Ule ufa tuliupita mwanzo bila haraka, kwa ubavu, mfuniko ameubana kwapani. Safari hii katikati yake alikwama. Mfuniko ulikuwa umekingama kifuani, huku jiwe na kule jiwe, yeye haendi wala harudi. Na sauti ya Ghalia inakuja kutoka mbele, ubeti wa kwanza umeisha, wa pili unaanza. Nikamwambia uache mfuniko, uangushe, twende. Akasema, “Mfuniko huu haubaki hapa hata nikibaki mie.” Nikaingiza mkono, nikaupindua mfuniko ubavu, goti langu likasuguliwa na jiwe mpaka damu, nikamsukuma kwa bega kama tunavyosukuma kabati. Kiatu chake kimoja kikabaki ndani. Naamini kiko mpaka leo.

Tukatokea nyuma ya mpiga ngoma. Yule bwana alitutazama, akaona mwanamke mzima wa makamo, mchanga usoni, kiatu kimoja, ameshika mfuniko wa sufuria, na hakukosa pigo. Mzanzibari yule, anaijua kazi yake. Akatusogezea kiti chake kidogo tupite.

Bi Time alikwenda mbele polepole. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Hakukimbia. Alitembea kwa madaha, bega hili, bega lile, mguu wenye kiatu na mguu usio na kiatu, amenyanyua mfuniko kichwani juu kwa mikono miwili, na jua likaupiga. Watu wetu kule chini wakasimama wote. Ghalia alikuwa amefumba macho, ndiyo mtindo wake, anaimba “chungu kitupu”. Akafumbua, na Time huyo hapo.

Sauti ikamkatika. Fidla ikaendelea peke yake.

Bi Time akautia mfuniko mikononi mwake, kwa mikono miwili, kama anavyopewa bibi harusi zawadi. Kisha akasema kwa sauti, na maikrofoni ikamsikia, na mawe yakamsikia:

“Rudia, Ghalia. Rudia ubeti wangu. Nilikuwa ndani ya jiwe, sikuupata vizuri.”

Ghalia akatikisa kichwa. Akajaribu kuurudisha mfuniko. Na kutoka kule chini nikasikia sauti ya mwanamke mmoja, “Rudia!” Kisha mwengine. Kisha basi zima linapiga makofi, “Rudia! Rudia!” na Wazungu nao, ambao hawajui chochote, wanapiga makofi pamoja nao wakidhani ndiyo sehemu ya onyesho. Walinzi wawili wamefika ngazini. Wakaona watu wanashangilia, wakasimama.

Ghalia akaurudia. Sauti inatetemeka, macho chini, ameshika mfuniko wa Bi Time kifuani. Na Bi Time akacheza. Alicheza ubeti mzima wa kutukanwa kwake, kiuno polepole, uso juu, anawatazama wale wa Kilburn mmoja mmoja. Ilipofika “funika”, mawe yakajibu funika, funika, na yeye akasogea kwenye maikrofoni.

“Kweli kitupu,” akasema. “Chungu changu kiko kwenye basi, nendeni mkakitazame. Kitupu kwa sababu watu wamekula, wameshiba.”

Loo! Vigelegele vya siku ile! Yule mama aliyerudishwa na noti yake aliitupa juu ya uzio. Ziyad mwanangu, mtu mzima na ndevu zake, aliyelelewa na sufuria ile, alikuwa amepanda juu ya benchi anapiga kelele, kwa Kiswahili, “Huyo mamaangu! Huyo mamaangu!” Sikuona wivu hata kidogo. Nililia, nasema wazi.

Tulipotoka nyuma ya jukwaa, Ghalia akatufuata. Rangi ya macho imemwagika mashavuni. Mie nilijitayarisha kwa vita, nikakunja mikono ya baibui. Lakini yeye hakuniona kabisa.

“Time,” akasema, “wale watoto wanaoniita mama ni wa dada yake Harith. Mie pia sikupata. Hata mmoja.”

“Najua,” akasema Bi Time.

“Tangu lini?”

“Tangu zamani. Dada yake aliniambia kwa simu.”

Ghalia akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Time akamtazama. Sikuona huruma usoni mwake, wala sikuona hasira. Akanyoosha mkono.

“Mfuniko wangu, Ghalia. Kesho nina watu.”

Akapewa. Tukaondoka.

Basi lilipoingia barabara kubwa, Abdulwakil akasema kwamba ataandikiwa malalamiko na wenye uwanja. Hakuandikiwa. Yule wa Kilburn alisinzia, au alijifanya amesinzia. Bi Time amekaa kiti cha mbele, mguu mmoja mtupu umeelekezwa kwenye hita ya dereva, mfuniko juu ya mapaja. Mie nilikuwa nachemka. Nilishindwa kuvumilia.

“Bi Time, uliyajua yote yale? Ulikuwa na maikrofoni mbele yako, na watu wote wale wanasikiliza! Neno moja tu ungesema juu yake, angekwisha. Mbona hukusema?”

Akapangusa mchanga uliobaki kwenye mfuniko kwa ncha ya kanga yake.

“Nilikwenda kuuchukua wimbo wangu, Miska,” akasema. “Sikwenda kumtungia yeye wake.”